Jiko la Baba Mwanaidi

Siku hizi kila nyumba ina pochi moja tu ya blokcheni, ya pesa za mtandaoni. Humo hulipwa gesi, maji, na kasino ya simuni ya mume wangu Shomari, vyote kufumba na kufumbua. Akishinda, jiko linawaka. Akiliwa hela, linazima.

Leo limezima mara tatu, na wageni waliokuja kumposa Mwanaidi wetu wameshakaa mkekani.

"Baba Mwanaidi, acha hiyo simu! Nimesema mpaka mate yamenikauka!"

"Basi, mke wangu, naacha."

Nikafunua sufuria. Pilau bado ina kiini. Wifi yangu akachungulia, akauliza kama tupakue.

Nikamfuata Shomari chumbani, nikafunga mlango.

"Simu iko wapi?"

"Nimeizima, kama ulivyotaka."

"Iwashe," nikasema. "Cheza."