Kitambaa cha Kioo

Kila nyumba ilitakiwa kuwa na kioo ukutani kinachochora mapigo ya moyo ya waliomo, na wageni waliyasoma kabla hata ya kuketi. Kila Mwanaidi alipogombana na mumewe, Shebe, mistari yao iliruka na majirani wakacheka. Akafuma kitambaa cha maua, akakifunika kioo.

"Sasa tumesitirika," Shebe alisema, akijikanda kifua. "Hiki kiungulia tu, mke wangu."

Siku ya msiba wa Shebe daktari alikifunua kioo, akairudisha mistari ya siku zilizopita.

"Tazama, baada ya kila pigo mstari wake ulikuwa unazama. Mshipa uliziba, msuli wa moyo ukakosa damu. Kioo kilikuwa kikisema hivyo kwa siku nne."

Mstari wa Mwanaidi ukaanza kuruka mbele ya waombolezaji wote. Safari hii hakuufunika.