Albadiri ya Gari la Sabiri

Jino la pete lilipita juu ya mkwaruzo toka mwanzo mpaka mwisho, halikukosea hata mahali pamoja. Sabiri akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu akatanguliza bismillahi, labda litakataa. Wapi! Lilipita vilevile.

Mtume! Kumbe ni yeye mwenyewe.

Ungelijua gari lenyewe ungemwonea huruma. Korola nyeupe, ameinunua baada ya kushona kanzu miaka kumi na saba pale Makorora, na ukiliegemea tu mtagombana. Mkewe, Mwanaima, hupanda akiwa amevua viatu. Kuliosha, Sabiri haamini sifongo wala kitambaa, eti vina mchanga. Huliosha kwa kiganja chake, taratibu, kama anaogesha kichanga. Na kidoleni amevaa pete ya marehemu baba yake, ambayo jino moja la kushikia kito limechomoka nje tangu zamani.

Lingekuwa jambo dogo, kama si mdomo wake. Ijumaa alipouona mkwaruzo mlangoni mwa gari alisimama nje ya msikiti, watu wanatoka, akapaza sauti.

"Wallahi, aliyelikwaruza gari langu namsomea Albadiri! Alhamisi baada ya alasiri, uani kwangu! Avimbe tumbo mpaka ajitaje! Na simsamehe, hata awe nani!"

Albadiri si mchezo. Kisomo hicho kikishasomwa humtafuta mkosaji popote alipo, na hakiulizi kama mkosaji ndiye aliyekiagiza.

Maalim Haji, ambaye ndiye angesoma, alijaribu kumtuliza. "Sabiri, mkwaruzo wenyewe kama unywele, bwana. Achana nao." Hakusikia. Maalim akasema ana kikohozi. Sabiri akampelekea asali na tangawizi. Maalim akasema kitabu hakionekani. Sabiri akaenda mpaka Nguvumali, akaazima kingine.

Na leo ndiyo Alhamisi, na alasiri inakaribia. Sabiri alijishika tumbo. Aliona kama limeshaanza kujaa.

"Mama Najat, hebu nitazame. Sijavimba?"

"Sahani mbili za wali wa nazi, utaacha kuvimba?" Mwanaima alimjibu kutoka jikoni. Kisha akasema lile alilokuwa akilisema tangu Ijumaa. "Baba Najat, msamehe huyo mtu. Hakukusudia."

"Umejuaje kama hakukusudia?"

"Nasema tu. Binadamu."

Amsamehe vipi, na yeye ameshaapa mbele ya mtaa mzima? Akisema amesamehe, wataulizana kulikoni. Akisema kweli, ataumbuka yeye na gari lake. Akinyamaza, basi tena, atakwenda kuzikwa na tumbo lake kama pipa. Kijasho chembamba kilimtoka.

Baada ya swala ua ulijaa. Ubani ukawashwa. Hata Luka, fundi seremala wa nyumba ya pili, alikuja akasimama karibu na mlango.

"Shikamoo, mzee Sabiri. Samahani, naomba kuuliza. Hii kitu na sisi Wakristo inatupata?"

"Sijui, Luka. Kaa."

Luka hakukaa.

Maalim Haji alifungua kitabu. Akakohoa. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Akafuta miwani. Watu wakatulia kabisa, na Maalim akavuta pumzi ili aanze.

Hapo Sabiri alihisi kitu kimezunguka tumboni, akaruka juu.

"Maalim, simama! Usisome! Ni mimi! Nimelikwaruza mwenyewe, kwa pete hii hapa!"

Ua ukalipuka kwa kicheko. Watu wazima walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akauliza kama Sabiri atajidai fidia au atajisamehe. Maalim alifunga kitabu haraka na kusema alhamdulillahi mara tatu. Luka alipita katikati ya watu wote, akamshika Sabiri mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akaondoka.

Sabiri aliona aibu, tena aibu ya kutaka kuhama Tanga. Aliingia chumbani akitaka kujifunika shuka. Akamkuta Mwanaima amekaa kitandani, analia.

"Umejidhalilisha mbele ya watu wote hawa kwa ajili yangu," alisema. "Mume wangu! Na ulikuwa unajua siku zote kama ni mimi?"

"Wewe?"

"Nilipita na beseni la nguo Jumatano ile kabla ya kiapo chako, likagusa mlango. Kila usiku nikilala najipapasa tumbo. Nawe ukazua mambo ya pete ili unistahi. Sikujua kama wanipenda hivyo."

 Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa Sabiri hajapata kutazamwa vile. Alimfuta machozi mkewe, akamwambia yamekwisha, akatoka kumsindikiza Maalim, kifua mbele kidogo.

Watu walikuwa wameshatawanyika. Maalim Haji peke yake ndiye alikuwa akimngoja kwenye mlango wa ua, kitabu kwapani. Alimvuta Sabiri pembeni, akatazama huku na huku, machozi yanamlengalenga.

"Mola akusitiri kama ulivyonisitiri mimi," alinong'ona. "Wallahi sikujua kama uliniona siku ile na baiskeli."