Rangi ya Kiwandani

Fundi alikataa kung'oa kifuniko cha tangi la mafuta.

Bwana Miwani alishangaa. Gereji tatu alizopita wiki ile, kila fundi alianzia hapo: anang'oa kifuniko, anakimbia nacho duka la rangi ili wachanganye inayofanana nacho, anarudi anajisifu. Na wote watatu walichemsha. Wa kwanza aliipaka spoila, lile bawa la kufunga juu ya buti, ikawa kijivu. Wa pili ikawa zambarau. Wa tatu akauliza, kwani tofauti ndogo hivyo nani ataiona?

Shemeji ndiye angeiona. Kaka wa mkewe alikuwa katibu wa klabu ya magari ya michezo, na masharti ya kuingia yalikuwa mawili: gari liwe la kiwandani, halijagongwa wala kupakwa rangi upya; na ukiongeza kitu, kifanane nalo mpaka mtu asijue kimeongezwa. Ukaguzi ulikuwa kesho saa kumi. Bwana Miwani alishanunua fulana ya klabu, na kwenye harusi moja alishaivaa.

Mara ya mwisho shemeji alilizunguka gari kwa nyuma, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba linafanana na kuku aliyenyonyolewa mkia. Wakwe walicheka. Mkewe alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo Bwana Miwani alikuwa analala na kuamka na spoila kichwani.

"Kifuniko huchukui?" aliuliza tena.

"Rangi nimeshaiona, bosi."

"Umeiangalia sekunde mbili!"

"Zimetosha."

Bwana Miwani aliipandisha miwani yake juu ya paji la uso, kama afanyavyo akitaka kumfundisha mtu kazi yake. "Sikiliza, fundi. Hapa hatupaki geti. Hii bluu yenye chembechembe za fedha imepulizwa na roboti. Mwenye gari wa kwanza alikuwa daktari wa meno, mama mtu mzima, analitoa Jumapili tu, anaenda kusali, analirudisha ndani."

"Daktari wa meno," fundi akarudia.

"Dalali aliyeniuzia aliniambia kwa mdomo wake."

Fundi akavaa barakoa harakaharaka, ingawa mashine ya upepo ilikuwa bado haijawashwa. Mabega yakamtikisika. Bwana Miwani akamwonea huruma. Kazi za rangi zinaharibu sana mapafu.

Kisha fundi akaingia stoo, akajifungia, akatoka na bunduki ya rangi imeshajaa. Akapuliza mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, akamalizia na ya kung'arisha. Spoila ikalala chini ya taa za joto mpaka kesho yake.

Ilipokauka ilikuwa bluu ile ile. Bwana Miwani aliishika juu ya buti, akasogea kushoto, akasogea kulia, akavua miwani, akaivaa. Bluu ile ile!

Kwenye boksi la spoila kulikuwa na karatasi inayoonyesha pa kutoboa. Fundi aliibandika juu ya buti, akagonga chuma kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaisogeza karatasi vidole viwili mbele.

"Wameandika ikae pale," Bwana Miwani akang'aka.

"Wao waliandika kwa ajili ya magari yote. Mimi natoboa hili moja."

Hapo Bwana Miwani alianza kumheshimu, ila kidogo, asije akavimba kichwa. "Sasa na hili bawa, spidi ya mia mbili nafika?"

"Themanini, bosi."

"Themanini? Hata bodaboda inafika themanini!"

"Rangi bado mbichi."

"Itaiva baada ya siku ngapi?"

Fundi alikaza nati ya mwisho, akafikiri sana. "Wewe nenda na themanini tu."

Saa kumi kamili shemeji aliingia gereji na tochi, na jua likiwaka. Alimulika spoila, akamulika buti, akapiga magoti, akalowesha kidole mate na kusugua. Alizunguka gari lote mara tatu. Bwana Miwani alisimama pembeni na fulana yake, jasho linamtiririka mpaka kwenye nembo ya klabu.

"Shem," shemeji akasema mwishowe, kwa uchungu. "Sioni."

"Huoni nini? Sema kwa sauti."

"Tofauti. Sioni tofauti."

Akaandika kwenye fomu: gari halisi la kiwandani, halijaguswa. Akatia sahihi. Bwana Miwani akaipiga picha fomu hiyo na kuirusha kwenye kundi la familia kabla wino haujakauka.

"Fundi, nipe na rangi iliyobaki. Nikichubuka nijipakie mwenyewe."

"Imeisha, bosi."

"Kwa spoila moja? Acha uchoyo. Njoo, shem, uone rangi ya watu wenye magari yao."

"Bosi, humo ndani kuna giza..."

Lakini Bwana Miwani alishasukuma mlango wa stoo, na tochi ya shemeji ilikuwa nyuma yake. Kwenye rafu ya chini palikuwa na ndoo kubwa ya rangi. Kwenye mdomo wake bluu ilikuwa imegandia tabaka juu ya tabaka, na vumbi la ubavuni lilikuwa na alama mbichi za vidole. Bwana Miwani alilifuta kwa kiganja, ili shemeji alione vizuri jina la rangi adimu kama ile.

Halikuwa jina. Ulikuwa mwandiko wa fundi, na tarehe ya miaka mitatu nyuma. Shemeji, mwenye macho yake, akausoma kwa sauti:

"Gari la dalali. Nusu ya mbele ya moja, nusu ya nyuma ya jingine, na maungio yote. Pati ya kuziba, ndoo mbili."