Nukta Nyekundu Ndani ya Tengefu

Nukta nyekundu ilikuwa imetulia katikati ya tengefu la Kinondo, yale maji shwari ya ndani ya mwamba ambamo hakuna ruhusa ya kuvua. Mzee Mselem, mwenyekiti wa wavuvi, aliwageuzia watu kompyuta kwa heshima ya mtu aliyeuona mwezi wa Idi.

Tangu boti zifungwe vifaa vya kuzifuatilia, hii ilikuwa nukta ya kwanza kuleta aibu. Na ilikuwa ya Swabir, mpwa wake, mwana wa marehemu nahodha Matano, aliyekuwa akienda Pemba kama mtu aendaye kisimani.

Swabir aliketi mkekani akifyonza ndimu, macho kwenye vidole vya miguu.

"Kila asubuhi umo humo mpaka adhuhuri," alisema Mzee Mselem. "Ulikuwa ukifanya nini, mwanangu?"

Mwanaima, mkaanga samaki, hakungoja jibu. Alisema samaki wa Swabir amewashuku siku nyingi: wote kimo kimoja, kama wanafunzi wa bweni kwenye gwaride, na baridi mno. Akiwatia kwenye mafuta, karai zima linapoa. Watu wakacheka.

Mzee Mselem hakucheka. Alisema aliyeiba tengefuni hunyang'anywa boti. Mwenye sababu nyingine aiseme, asamehewe.

Swabir aliitazama boti ya baba yake kupitia dirishani. Sababu ilimfika kooni. Akaimeza pamoja na kokwa ya ndimu.

"Niliiba, mjomba."

Mzee Mselem alivua kofia, akaona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Lakini damu ni damu. Akampunguzia adhabu: boti atabaki nayo, ila mwezi mzima atatoka na askari wa doria nje ya mwamba, kwenye maji makuu, awalinde samaki aliokuwa akiwaiba.

"Mjomba," Swabir akasema polepole, "boti ichukueni."

Wote wakakubaliana kwamba kijana ametubu kwelikweli.

Kesho yake, walipovuka mwamba tu, wimbi la kwanza liliinyanyua boti ya doria. Mwana wa nahodha Matano akaukumbatia ubavu wa boti, akatapika chai, mahamri na heshima ya ukoo.

Katana, askari wa doria, alimshika kiuno asitumbukie. "Sasa wale samaki ulikuwa ukiwavua saa ngapi?"

"Nilikuwa nikiwanunua Ukunda," alisema Swabir, "kwenye friji."