Shimo la Sindano

Muuza dawa alikuwa amekwisha kumshika mkono mjukuu wangu Umuhire, aliyekuwa akijikuna tangu tulipovuna viazi kule Bugeshi.

"Sindano moja tu, maman, aleji inaisha."

Maneno hayo hayo aliniambia mimi, mara sita. Uso ukanijaa, majirani wakanisifu nimenenepa, nami mjinga nikacheka nao. Jana hospitalini niliambiwa ni sindano hizo zilizonipandishia sukari.

Nikapandisha kitenge mbele ya wateja wote. Pale aliponidunga, kwenye tako, pana shimo jeupe linalomeza ncha ya kidole.

"Bon, dokta, weka kidole hapa. Leo unaona haya?"

Umuhire akavuta mkono wake. Mimi nikaichukua sindano mezani.

"Sasa geuka wewe."