Nungunungu na Uso wa Kiboko

Alikuwako Nungunungu mmoja, mchora katuni wa gazeti la wanyama, aliyechora kwa mwiba wa mgongo wake mwenyewe. Tangu ujana hadi uzeeni alichora wakubwa tu. Tausi, waziri, alimchorea mkia mrefu kuliko ahadi zake. Fisi, mwenye ghala, alimchorea tumbo linalomtangulia mlangoni. Wanyama walicheka, na wakubwa wakajifanya hawajaona.

Kisha Kiboko akatwaa utawala kwa nguvu, akaamuru Nungunungu aletwe barazani.

"Nichore hapa hapa, nikikutazama," akanguruma. "Ukinidhihaki, nakukanyaga."

Nungunungu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akachora bila haraka. Kila mmoja barazani alitarajia kuona mdomo mkubwa kama pango.

Kiboko akaitazama karatasi. Hapakuwa na mdomo mkubwa. Palikuwa na ndama wa kiboko aliyejibanza kwenye matope, akitazama nyuma kwa hofu.

"Nani amekwambia?" akauliza kwa sauti ndogo. "Sijamweleza yeyote."

"Macho yako, mheshimiwa. Hata unaponguruma, yanatafuta njia ya kukimbilia."

Kiboko hakumkanyaga. Aliikunja ile karatasi polepole, akapita katikati ya baraza, akashuka mtoni, wala hakurudi tena kwenye kiti chake.

Wanyama wakabaki wamesimama, wakimwangalia yule mzee mdogo akikusanya vitu vyake.