Kigoda cha Mama Mkwe

Palikuwa na Nguchiro aliyependa nyumba inayopumua. Alisiriba kuta kwa udongo wa hudhurungi, akabakiza taa moja na mkeka wa kulalia, vingine vyote akavitupa nje. Jirani yake Panya Buku, asiyeacha kitu njiani, akaviokota.

Siku moja akaja mama wa mumewe, miguu imevimba kwa safari.

"Nyumba imetulia," alisema. "Nikae wapi?"

"Karibu mkekani, mama."

"Mkeka unaolalia na mwanangu? Mkwe hakalii hapo."

Akabaki amesimama. Nguchiro akakimbilia kwa Panya Buku kuazima kiti, akapewa kigoda kilekile alichokitupa. Mama mkwe alipokiona akakipapasa.

"Kumbe kigoda nilichokupa siku ya harusi bado unacho. Mwingine angekitupa."

Nguchiro akaitikia kwa kichwa. Ndipo Panya Buku alipochungulia mlangoni.

"Jirani, mama akishaondoka usisahau kunirudishia kigoda changu."

Mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anakaa, akainuka taratibu. Nguchiro akatafuta pa kuficha uso, lakini nyumba yake haikuwa na hata pazia.